Farasi wa Kupanda

Umma wote wa Nakuru na vitongoji vyake uliarifiwa, kwa tangazo lililobandikwa kwenye nguzo za stima kutoka Free Area hadi Bahati, kwamba furaha, ambayo ilikuwa imesitishwa kwa muda ili kupisha ukarabati, ingerejeshwa rasmi kabla ya mwaka kwisha. Wananchi waliombwa kuwa na subira na kutofurahi mapema.

Tangazo lilitolewa na Mamlaka ya Burudani ya Bonde la Kati, inayoitwa kwa kifupi MABUBOKA, na lilitiwa sahihi na Maxwel Masinde, Mkurugenzi wa Bustani ya Shangwe. Masinde alikuwa amelisoma mara nyingi na kila mara akaliona limetulia. Ile sentensi ya kutofurahi mapema aliitunga mwenyewe.

Alikuwa mkurugenzi wa Shangwe kwa miaka tisa, na Shangwe ilikuwa imefungwa kwa miaka tisa. Wenye midomo yao walicheka, lakini jambo lenyewe lilikuwa na mantiki. Mamlaka ilipoifunga bustani iligundua kwamba hakukuwa na afisa wa kuhakikisha imebaki imefungwa, ndipo Masinde akaajiriwa. Kazi aliifanya kwa bidii. Katika muda wote huo hakuna mtoto aliyeanguka kwenye bembea, hakuna aliyepotea, wala mzazi aliyelalamika kuhusu vyoo. Kila mwaka ripoti yake ilisifiwa kuwa bora kuliko ripoti za bustani zilizo wazi.

Hata hivyo moyoni hakuridhika. Shangwe ilijengwa zamani na watu wa reli kwa ajili ya wafanyakazi wao, na baba yake Masinde alikuwa fundi wa injini pale stesheni. Kila Krismasi alimleta mwanawe, akamkalisha juu ya mmoja wa wale farasi kumi na wawili wa mbao waliozunguka nguzo ya chuma. Baba huyo hakuwa mtu wa kucheka nyumbani. Alicheka Shangwe tu, akiwa amesimama kando, kila farasi wa mwanawe alipompita. Masinde alitaka kusikia kicheko cha namna hiyo pale tena kabla hajastaafu. Hakuwahi kuliandika hilo kwenye ripoti kwa sababu halikuwa na kipimo.

Halafu kulikuwa na Makaburi. Mwenyekiti wa Mamlaka, Mheshimiwa Naftaly Mbugua, alikuwa amemweleza waziwazi.

"Director, Shangwe isipofunguka mwaka huu, ama ifunguke halafu ikushinde, mimi nakupeleka Makaburi."

Idara ya Makaburi ni idara kama idara nyingine, ina meza na kalenda ukutani. Ila hakuna afisa aliyewahi kuhamishiwa huko akarudi.

Tatizo la kwanza lilikuwa la lugha. Wale farasi wa kuzunguka, Nakuru nzima iliwajua kwa jina la kizungu, merry-go-round, na Masinde akalitumia hivyo hivyo kwenye bango: "Jumamosi, uzinduzi wa ukarabati wa merry-go-round. Karibuni nyote."

Mamlaka, pamoja na wataalamu wake wote, ilikuwa imesahau kitu kimoja. Ukimtajia mama wa Nakuru merry-go-round, hafikirii farasi. Anafikiria chama, wale akina mama wanaochanga kila wiki na kumpa mmoja wao mchango wote kwa zamu. Jumamosi hiyo, kabla jua halijachomoza sawasawa, langoni pa Shangwe palikuwa pamejaa wanawake wenye vigoda, chupa za chai na watoto mgongoni. Mbele yao alisimama Akoth, mwenyekiti wa chama kimoja cha Free Area, muuza omena ambaye sauti yake haikuhitaji kipaza sauti.

"Director, habari ya asubuhi. Sasa nani anaanza kupokea?"

"Kupokea nini, mama?"

"Si mmesema ni merry-go-round?"

"Ndiyo, lakini hii yetu si ya kuchanga," Masinde akaeleza kwa upole. "Hii unakaa juu yake, inakuzungusha, halafu unashuka."

Akoth akafikiri. "Hata ile ingine ni hivyo tu. Lakini ile ukishuka unashuka na kitu."

Walikaa mpaka alasiri, wakamaliza chai, wakaunda vyama viwili vipya, wakaenda zao.

Mheshimiwa Mbugua aliitisha kikao cha dharura. Kikao kiligundua kwamba Kiingereza kilikuwa kimesababisha mkanganyiko wa matarajio, na kikaazimia kwamba kuanzia siku hiyo barua zote za Mamlaka kuhusu vifaa vya burudani ziandikwe kwa Kiswahili sanifu. Masinde, ambaye alipata alama nzuri za Kiswahili katika shule ya sekondari na hajawahi kuacha kulitaja hilo, alikabidhiwa jukumu la kutafuta jina.

Alilitafuta kwa makini. "Farasi wa kuzunguka" aliliona lina harufu ya uzururaji. "Farasi wa kuketi" lilionekana la uvivu. Mwishowe akaandika: "Farasi wa kupanda, kumi na wawili, wakarabatiwe na kuwekwa mahali pao." Hakuna kamusi ambayo ingempinga. Mtu hupanda farasi.

Ombi hilo lilipanda ngazi hadi ofisi ya ununuzi, ambako kila kitu hugawanywa kulingana na aina yake. Miche ya kupanda, mbegu za kupanda na nyasi za kupanda zote hupelekwa Kitengo cha Miti Mijini. Farasi wa kupanda nao wakapelekwa huko. Kitengo hakikushangaa, kwa maana kitengo hakina ruhusa ya kushangaa. Kilitoa vipimo: shimo la futi mbili kwenda chini, samadi debe moja, nafasi ya hatua tatu kati ya farasi na farasi, na kazi ifanyike mvua zikianza.

Zabuni ilimwendea mkandarasi Cheptanui, mwanamke mchapakazi aliyekuwa amepanda miti kando ya barabara kuu huko Sachangwan na ikashika. Wiki ambayo vibarua wake waliingia Shangwe, Masinde alikuwa Naivasha kwenye warsha ya Usimamizi wa Msisimko wa Umma. Alirudi na cheti na fulana, akaenda moja kwa moja bustanini kuona kazi ilipofika.

Kazi ilikuwa imefika mwisho. Farasi walikuwa wamepakwa rangi upya, wekundu na weusi na wa maziwa, wanang'aa. Walikuwa wamesimama kwa safu zilizonyooka, wote wakitazama stesheni, na miguu yao ilikuwa imezikwa ardhini hadi magotini. Udongo kandokando yao ulikuwa umelowa. Ile nguzo ya chuma ya katikati haikuwepo, na mpaka leo hakuna aliyeiulizia.

"Cheptanui," Masinde akasema, "hawa farasi mbona wako ndani ya udongo?"

"Nimewapanda, bosi."

"Umewapanda?"

"Kumi na moja. Hiyo moja nimeachia mgeni wa heshima, shimo yake iko tayari."

"Hawa walikuwa wa kuzunguka."

"Hiyo sikuambiwa. Karatasi ilisema kupanda. Mimi hata nilipigia Kitengo, nikauliza, mna uhakika ni farasi? Wakaniambia, mama, tangu lini kontrakta anauliza serikali maswali? Nikachimba."

"Na hii harufu?"

"Samadi. Na simiti kidogo hapo juu, upepo wa Nakuru si unaujua."

Cheptanui akamshika farasi mmoja shingoni akamsukuma kwa bega. Farasi hakutikisika. "Hii haitoki," akasema kwa fahari ya mtu aliyemaliza kazi yake. "Hii imeshika." Masinde alijaribu mwenyewe kwa mikono miwili. Ilimbidi akubali kwamba kama upandaji, ulikuwa upandaji wa hali ya juu.

Akampigia Mheshimiwa simu.

"Mheshimiwa, farasi wamepandwa."

"Vizuri. Na nani?"

"Hapana, Mheshimiwa. Wamepandwa kwa shamba. Kwa shimo."

"Wanakaa vizuri kwa kamera?"

"Wanapendeza, Mheshimiwa."

"Basi. Mimi nimezindua visima hazina maji, Masinde. Farasi haizunguki itanishinda?"

Kesho yake Mamlaka ilitangaza kwamba Shangwe ingekuwa bustani ya kwanza ukanda huu kuwa na burudani tuli, isiyotumia umeme wala kuchosha mtumiaji.

Siku ya kufunguliwa, watu walikuja wengi. Mahema yalisimamishwa, kwaya ikaimba, na walimu wakuu wa shule zote za karibu wakapewa viti vya mbele. Mheshimiwa Mbugua alifika kwa suti na kofia pana, akapewa sepetu yenye utepe. Vibarua wa Cheptanui walimteremsha farasi wa kumi na mbili, mweusi, kwenye shimo lake. Mheshimiwa akatupia udongo, akaukanyaga kwa kiatu, akashika kipaza sauti.

"Hii farasi nimepanda mimi mwenyewe," akasema. "Kwa mikono yangu. Mko na macho na mko na simu, rekodini."

Wakarekodi. Basi alipowatazama wale walimu wakuu hapo mbele, akakumbuka kwamba wao kila mwaka hupanda miti mbele ya wageni na kuiachia mbuzi, na uongozi ukampanda kichwani.

"Na kuanzia leo natoa kanuni. Ndani ya Mamlaka hii, mtu akipanda kitu kwa sherehe, atakuja kila Jumamosi kumwagilia maji mpaka ikomae. Si kutuma mtu. Yeye mwenyewe. Akikosa, kiti yake iko wazi, tunaweka mwingine. Na kitu imepandwa hakuna kung'oa bila cheti ya Kitengo cha Miti. Tumeelewana, walimu?"

Walimu walitazama viatu vyao, watu wengine wakapiga makofi. Kabla ya wiki kwisha kanuni ilikuwa imechapishwa, ina nambari, na sahihi ya Mheshimiwa iko chini yake.

Utepe ukakatwa. Watoto wakakimbilia farasi, wakapanda, wakashika masikio ya mbao, wakangoja. Farasi nao wakangoja. Muda ukapita. Mtoto mmoja akauliza kama stima imepotea. Masinde akaiona wazi meza yake ya Makaburi, na kalenda juu yake.

Aliyeokoa siku ni Akoth. Alikuwa amekuja na chama chake kizima, na mjukuu wake alikuwa juu ya farasi mwekundu, midomo imeanza kupinda kutaka kulia.

"Sasa kama farasi haizunguki," Akoth akasema, "si sisi tuzunguke?"

Akaanza kutembea kuwazunguka farasi, akipunga leso. Wenzake wakamfuata, kisha akina baba, kisha kwaya, ambayo haikuwa na la kufanya. Mduara ukawa mkubwa, ukaanza kukimbia. Watoto walio juu waliona dunia nzima ya Nakuru ikiwapita, mama, baba, mwalimu mkuu, mama tena, wakapiga kelele za furaha, na kwa aliyekaa pale juu ilikuwa vigumu kusema ni nani hasa anayezunguka.

Palikuwa na mwanamume mmoja wa makamo, amevaa ovaroli ya kiwandani, uso umekazwa. Alizunguka akiwa ameukaza hivyo hivyo. Ila kila alipompita bintiye, binti alimpungia mkono kana kwamba hajamwona mwaka mzima, na safari moja ile sura ikamshinda, akacheka kwa sauti mpaka akashika magoti. Masinde aligeuka akatazama ukuta wa choo, akafuta macho kwa tai. Alikuwa na furaha, na hakujali kama ilikuwa mapema.

Baada ya hapo watu hawakukoma. Walikuja kutoka Bahati, kutoka Njoro, kutoka hata Molo. Wazazi walizunguka, wakapungua vitambi, wakarudi wiki iliyofuata. Chama cha Akoth kilihamishia mikutano yake hapo, kila mwanachama juu ya farasi wake, na hivyo merry-go-round ikapata merry-go-round. Kwa mara ya kwanza ripoti ya Masinde ilikuwa na malalamiko kuhusu vyoo. Aliyaandika kwa wino mweusi na akayapigia mstari.

Mwezi haujaisha, Mheshimiwa Mbugua akaja bila kwaya. Alikuwa na mwekezaji mmoja mwenye miwani ya jua, ambaye hakusalimia mtu bali alitembea kutoka ua hadi ua akipima kwa hatua.

"Director, umefanya kazi," Mheshimiwa akasema. "Sasa tunafunga."

"Tunafunga nini, Mheshimiwa?"

"Shangwe."

"Lakini tumefungua juzi."

"Ndiyo maana. Ulitaka tufunge aje kitu imefungwa?"

Akamweleza kwa uvumilivu. Ili ardhi ya bustani ipewe mtu wa kujenga kituo cha petroli na maegesho, ni lazima kwanza bustani ifungwe kwa uamuzi rasmi. Bustani ambayo tayari imefungwa haiwezi kufungwa. Mpango mzuri wa maendeleo ulikuwa umekwama miaka tisa kwa sababu tu Shangwe haikuwa wazi. Ukarabati wote, rangi, mahema, utepe, ulifanywa ili pawe na kitu cha kufunga.

Masinde alitafuta kosa katika hoja hiyo na hakuliona. Alikuwa ametumikia Mamlaka muda mrefu wa kutosha kutambua hoja iliyokamilika.

"Lakini watu wanakuja, Mheshimiwa. Wengi."

"Hapo ndipo umeniharibia. Nilikuambia ikikushinda utaenda Makaburi. Sikukuambia uniletee watu." Akamwekea mkono begani. "Ng'oa hizi farasi kabla mwezi uishe. Ukimaliza, nakuweka Uwekezaji. Ile ofisi iko na zulia. Ukikataa, Makaburi bado wako na nafasi."

Tusidanganyane, Masinde alilitaka zulia. Alilifikiria usiku kucha, rangi yake na jinsi kiti kinavyoteleza juu yake. Lakini kila alipofika kwenye zulia, yule mwanamume wa ovaroli alikuwa amesimama juu yake akicheka, na kukakucha bila usingizi.

Ilikuwa Jumamosi. Trekta la kung'oa lilifika mapema, na nyuma yake gari la Mheshimiwa na la mwekezaji. Akoth na wenzake walikuwa tayari wamekaa juu ya farasi. Kwenye ua, watu walianza kukusanyika. Masinde alisimama langoni na funguo mkononi, akafanya jambo ambalo afisa hufanya anapotaka kitu kisitendeke. Akafuata utaratibu.

"Karibu, Mheshimiwa. Cheti kiko wapi?"

"Cheti gani?"

"Cha Kitengo cha Miti. Kitu kilichopandwa hakuna kung'oa bila cheti. Ni kanuni yako, Mheshimiwa, na ni nzuri sana. Nimeshawapigia, wamesema wanakuja."

"Masinde, umeamua Makaburi."

"Nimefuata tu, Mheshimiwa."

Afisa wa Kitengo alifika kwa pikipiki. Aliitwa Tabby Wawira, mwanamke mfupi asiyecheka, mwenye futi kamba na mhuri kwenye mfuko. Alijulikana mji mzima kwa kukataa kuidhinisha kifo cha mti uliokuwa umelala katikati ya barabara kwa msimu mzima wa mvua, kwa hoja kwamba huenda umepumzika. Aliwasalimia wote kwa mkono, kisha akaingia kazini.

"Inang'olewa kwa nini?"

"Imekufa," Mheshimiwa akasema haraka. "Zote. Andika imekufa, piga mhuri, twende."

Tabby akamzunguka farasi wa kwanza, akamgonga mbavuni. "Ilipandwa ikiwa na majani?"

"Haikuwa na majani."

"Na sasa?"

"Haina."

"Basi haijapoteza kitu." Akainama. "Mchwa hakuna. Haijainama. Imekauka?"

"Ilikuja ikiwa kavu, madam," Masinde akasema.

"Kwa hivyo iko vile ilikuja." Alipita kwa farasi mmoja baada ya mwingine, akina mama wakimwinulia miguu ili aone vizuri. "Zimeshika zote. Mheshimiwa, pongezi. Mimi sijawahi kuona. Shule zikipanda kumi, nikipata tatu hai nashukuru Mungu."

"Tabby, hizo ni mbao."

"Miti yote ni mbao, Mheshimiwa."

Mwekezaji alivua miwani. Mheshimiwa akavuta pumzi, akajaribu njia nyingine.

"Sikiliza. Hii ni farasi. Farasi ni mnyama. Wewe ni mtu wa miti, mnyama haikuhusu, haihitaji cheti yako. Dereva, washa trekta."

Tabby hakubishana. Alitoa simu, akatafuta kidogo, akaongeza sauti. Watu wote pale wakamsikia Mheshimiwa akisema kutoka kwenye simu: "Hii farasi nimepanda mimi mwenyewe."

"Umesema 'hii'," Tabby akasema.

"Kwa hivyo?"

"Mnyama ni 'huyu'. Hata mtoto wa darasa la nne anajua. Huyu farasi, huyu ng'ombe, huyu mbuzi. 'Hii' ni mti."

Kwa kweli mti mmoja ni "huu", lakini Kitengo cha Miti Mijini kilikuwa kimetumia "hii" tangu kianzishwe, na kilikuwa na mhuri.

"Hapa Nakuru sisi sote tunasema hii," Mheshimiwa akasema. "Hii ng'ombe. Hii mtu. Hii kila kitu."

"Kwa hivyo niandike kwamba Mwenyekiti alihutubia umma kwa Kiswahili kibovu, na kikao chake mwenyewe kiliazimia Kiswahili sanifu?" Tabby aliuliza bila ubaya. Alikuwa ameshafungua kalamu. "Na kama si mti, niandike ile kazi ya kupanda ambayo Mamlaka ililipa ilikuwa ya kupanda nini?"

Mwekezaji alikumbuka kwamba alikuwa na simu ya kupiga, akaenda kuipigia ndani ya gari lake, na gari likaondoka naye. Mheshimiwa alitazama ua. Simu zote zilikuwa juu, na walimu wakuu wawili walikuwa miongoni mwa walioshika.

"Kiswahili changu ni sanifu," akasema taratibu.

"Basi ni miti," Tabby akasema, akaigongea karatasi mhuri juu ya goti lake. "Shangwe inaingia kwa orodha ya misitu ya mji. Hakuna kujenga, hakuna kung'oa, mpaka ikomae. Director, utabaki kuiangalia, msitu hauwezi kukaa bila mtu."

Trekta likazimwa. Akoth alipiga kigelegele kimoja, kifupi, cha heshima. Masinde alitaka kusema jambo la kiofisi, akabaki akitikisa funguo.

Tabby alikuwa bado hajamaliza. Alikuwa amesimama kando ya farasi mweusi wa mwisho, akichokonoa udongo kwa kidole.

"Hii ni yako, Mheshimiwa. Udongo umekauka. Sioni kama imemwagiliwa tangu siku ya sherehe." Akangoja. "Kanuni inasema kila Jumamosi, mwenyewe, akikosa kiti kiko wazi. Naweza kuandika kwamba umekosa Jumamosi zote. Ama naweza kuandika kwamba unaanza leo."

Mheshimiwa Mbugua alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumtuma. Dereva wa trekta alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Mheshimiwa akavua koti, akampa Masinde amshikie, akauliza mfereji uko wapi.

Na huko ndiko aliko kila Jumamosi mpaka sasa, mvua inyeshe isinyeshe. Huja kwa gambuti na mtungi wa manjano wa lita ishirini. Hupanga foleni mferejini nyuma ya akina mama wa Free Area, ambao humsalimia vizuri sana lakini hawampishi. Walimu wakuu huwaleta wanafunzi wao kutoka mbali kuja kuona jinsi kiongozi anavyotunza alichokipanda, na wanafunzi huandika insha. Farasi wake huwa hapumziki, ana mtoto juu yake kutwa nzima, na mduara wa wazazi hulazimika kumkwepa Mheshimiwa kila ukifika upande ule.

Jumamosi iliyopita alimwaga maji, akanyoosha mgongo, akamwita Masinde kwa sauti ya chini.

"Director. Wewe unaona hii kitu itakomaa lini?"

Masinde akaja na kuchuchumaa. Akalishika goti la farasi, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalitazama upande huu na upande ule. Hakutaka kukosea, kwa kuwa jibu lilihusu ofisi.

"Bado ni changa, Mheshimiwa," akasema. "Ongeza kidogo huku nyuma."